Jinsi ya kukausha mbao nene za mathenge bila nyufa

MATHENGE, mti wa miiba ulioenea kando ya Mto Tana na katika malisho ya Garissa, hulaumiwa kwa mengi. Miiba yake huwachoma mifugo na vichaka vyake huziba njia za kuelekea mtoni. Serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu mwaka wa 2008.

Mti huu ulipandwa Bamburi, Mombasa, mwaka wa 1973 ili kuotesha miti katika machimbo. Katika miaka ya 1980 ulipelekwa maeneo kame kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa.

Hata hivyo, mbao zake ni ngumu, nzito na zina rangi ya kahawia ya kupendeza. Zafaa kwa viti, meza na fremu za milango. Kinachowavunja moyo maseremala ni kuona ubao mnene ukipasuka kabla ya kupigwa randa, na mwishowe kuuzwa kama kuni.

Wengi huulaumu mti. Ukweli ni kwamba mathenge husinyaa kidogo kuliko miti mingi migumu. Adui mkuu ni jua kali na upepo mkavu.

Kwa nini ubao hupasuka

Kiwango cha maji kinaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, nyuzi za mti huanza kusinyaa. Katika ubao mnene, sehemu ya nje hufikia hali hiyo mapema ilhali ndani kungali kubichi. Nje hutaka kusinyaa, ndani hukataa, na ufa hutokea.

Ncha za ubao ndizo zilizo hatarini zaidi, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi yakifuata nyuzi kuliko yakizikata.

Hatua za kufuata

Ni bora kukata mti wakati wa mvua, mwezi wa Aprili au Novemba, hewa ikiwa na unyevu. Gogo lisiachwe juani. Lipasuliwe mapema, na kiini cha katikati kiondolewe, kwani nyufa nyingi huanzia hapo.

Siku hiyo hiyo, ncha zipakwe rangi ya mafuta, nta au lami, tabaka mbili. Kila ncha iachiwe urefu wa ziada wa sentimita 10 hivi, utakaokatwa baadaye.

Mbao zipangwe kivulini, chini ya paa, zikiwa zimeinuliwa angalau sentimita 30 kutoka ardhini. Kati ya safu na safu viwekwe vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila baada ya sentimita 40 hivi na kila kijiti juu ya mwenzake. Vijiti vikikosa kulingana, mbao hupinda. Juu ya rundo yawekwe mawe mazito.

Majuma ya kwanza ndiyo yanayoamua. Upande unaopigwa na upepo uzibwe kwa magunia ili ukaukaji uende polepole. Ukungu ukionekana, magunia yafunguliwe kidogo. Baada ya miezi michache yaweza kuondolewa kabisa.

Haraka haifai. Ubao wa inchi mbili huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda wa ubao wa inchi moja. Njia rahisi ya kupima ni kuchagua ubao mmoja na kuupima kwa mizani ile ile kila juma. Uzito usipopungua kwa majuma manne, mbao ziko tayari.

Fundi akumbuke kwamba mbao zilizokauka Garissa zitavimba kidogo zikifika Mombasa, kwenye hewa yenye unyevu. Droo na milango iachiwe nafasi.

Thamani ya mbao hizi isiwe sababu ya kupanda mathenge zaidi. Iliyopo yatosha, na kila mti unaogeuzwa meza badala ya kuni humpa mwenyeji sababu ya kuukata.