Safu ya Tabora: Shaba, Fedha na Dhahabu

Mtu akitajiwa atomi, mara nyingi fikira zake huenda mbali, Ulaya na penginepo penye maabara na mambo ya vita. Ni nadra kumpata anayeikumbuka Tabora. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa hao, kwani kazi yangu ni lugha wala si kemia. Siku moja nilipokuwa nikisomesha habari za njia ya misafara, mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Tabora, aliniuliza: “Mwalimu, hiyo shaba tunayoisoma kila ukurasa ni kitu kimoja au ni vitu viwili?” Nilimjibu kwamba kuna shaba nyekundu na shaba ya manjano, tukaendelea na somo. Niliporudi nyumbani nikaona kwamba sikumjibu. Makala hii ni jibu lake lililochelewa.

Yafaa kwanza tueleze mambo ya msingi. Kila tunachokishika kimejengwa kwa elementi, yaani vitu vya asili ambavyo haviwezi kuvunjwa kwa moto wala kwa dawa za kemia vikatoa vitu vingine vilivyo sahili zaidi. Chembe ndogo kabisa ya elementi, iliyobaki na sifa za elementi hiyo, huitwa atomi. Katikati yake pana kiini, ambacho Ernest Rutherford alikitangaza mwaka 1911. Ndani ya kiini mna protoni zenye chaji chanya na neutroni zisizo na chaji. Nje ya kiini zimo elektroni zenye chaji hasi, zimepangika tabaka juu ya tabaka, na hesabu yake ni sawa na ile ya protoni.

Katika Machi 1869, mwezi ule ule David Livingstone alipofika Ujiji kwa mara ya kwanza hali mgonjwa, Dmitri Mendeleev wa Urusi alitoa jedwali lake la elementi 63 zilizokuwa zikijulikana. Alizipanga kwa uzito, akaacha nafasi tupu kwa zile alizoamini kwamba zitagunduliwa baadaye. Mwaka 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, alionyesha kwamba mpango wa kweli haufuati uzito bali hesabu ya protoni. Hesabu hiyo ndiyo nasaba ya elementi: ikibadilika, kitu kimekuwa kingine. Leo jedwali lina elementi 118.

Sasa na tuitazame safu moja tu, ile ya kumi na moja. Juu yake ni shaba yenye protoni 29, kisha fedha yenye 47, kisha dhahabu yenye 79; na iliyo chini ya hizo ni elementi iliyotengenezwa na wataalamu mwaka 1994, nayo haidumu. Elektroni za shaba zimepangika 2, 8, 18 na 1. Za fedha 2, 8, 18, 18 na 1. Za dhahabu 2, 8, 18, 32, 18 na 1. Msomaji ataona kwamba kila moja ina elektroni moja tu katika tabaka la nje, na elektroni za nje ndizo hasa zinazoamua jinsi elementi inavyoungana na nyingine. Kwa hiyo tatu hizi ni kama ndugu: hupitisha umeme kushinda metali nyingine zote, hufulika kuwa nyaya na mabamba, wala haziliwi na kutu kama chuma. Watu wa nchi nyingi, bila ya kupata habari za elektroni, walizichagua kuwa mapambo na sarafu. Tabora zilifika zote tatu, kila moja kwa wakati wake.

Ya kwanza ni shaba. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, walikuta makao ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katikati ya nchi ya Wanyamwezi. Hapo njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, moja Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi hata Katanga. Kutoka pwani wapagazi walileta masango, yaani nyaya nene, nyingi zikiwa za shaba ya manjano iliyotengenezwa ng'ambo. Kutoka Katanga Wanyamwezi na Wasumbwa walileta shaba nyekundu iliyoyeyushwa na kusubiwa huko huko, mara nyingi kwa sura ya msalaba. Zote ziliitwa shaba, na Tabora zilikutana. Msumbwa mmoja, Msiri, hakurudi kutoka Katanga. Alijenga dola yake huko, makao makuu yakiwa Bunkeya. Shaba, pembe za ndovu na watumwa vilitoka kwake, bunduki na baruti zikaingia. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitamani nchi ile na madini yake.

Fedha ilichelewa. Pwani riale za Maria Theresa zilitumika tangu zamani, lakini bara nguo, shanga na masango ndivyo vilivyokuwa sarafu. Rupia ya fedha ilianza kutolewa na kampuni ya Kijerumani mwaka 1890, na kodi ya nyumba iliyoanza 1898 iliwasukuma watu kuitafuta. Lugha yetu ina neno moja kwa elementi ya 47 na kwa mali ya kulipia kila kitu.

Dhahabu ilikuja na vita. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, sarafu za Ulaya zikakatika, ilhali askari na wapagazi walitaka ujira wao. Serikali ya Kijerumani ilipiga sarafu katika karakana ya reli karibu na Tabora: za heller 20 kwa shaba nyekundu au ya manjano, na za heller 5 kwa ile ya manjano, ambayo baadhi yake ilitokana na maganda ya risasi za mizinga. Jina la sarafu hizo ndilo lililotupa neno “hela”. Mwaka 1916 zikapigwa zaidi ya sarafu 16,000 za dhahabu za rupia 15, zenye ndovu mbele ya mlima upande mmoja na tai upande wa pili. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, katika nchi ya Iramba. Moseley hakuishi kuzisikia, kwani aliuawa Gallipoli, Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Shaba nyekundu ni elementi moja. Atomi zake zote zina protoni 29. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba hiyo na zinki, jirani yake katika jedwali, yenye protoni 30. Ganda la risasi lilipoyeyushwa likawa hela, hakuna atomi iliyogeuka, kwani moto wa karakana huchanganya na kutenganisha, lakini kiini haukigusi. Shaba iliyokuwa kikuku cha mwanamke wa Unyamwezi yaweza kuwa leo katika waya wa umeme, nayo ni ile ile.

Lakini hapo ndipo kemia inapotuachia sisi kazi. Atomi haichukui alama ya aliyeibeba, akiwa pagazi wa ujira au mtumwa wa mnyororo. Mtaalamu aweza kupima sarafu ya 1916 akatuambia kwamba sehemu tatu katika nne ni dhahabu. Hawezi kutuambia nani aliyeichimba Sekenke, wala kama pagazi aliyelipwa hela zile alirudi kwao. Sarafu ya ndovu imehifadhiwa na kuandikwa sana; majina ya watu wale hayakuandikwa hivyo. Wajukuu na vitukuu vyao wangali wako Tabora na Iramba. Mwanafunzi wangu nimempa kazi: akienda likizo, asianze kwa kuuliza sarafu, aanze kwa kuuliza majina.