Feni Inayokufa Kimya

Miaka ya 1970 Leyland walijenga kiwanda Thika, wakawa wanaunganisha Land Rover. Leo kinaitwa KVM, na mwaka 2016 kiliunganisha Volkswagen. Lakini gari likichemka Makongeni, boneti hufunguliwa papo hapo plotini, na kazi yenyewe imebadilika. Kwa Land Rover ya zamani, feni ilizungushwa na mkanda wa injini. Mkanda ukikatika, unaona. Vitz iliyotoka Japani ina feni ya umeme, na hiyo hufa kimya. Makanika asipoishuku, anang'oa thamostati (uvivu, ukiniuliza): injini inakunywa mafuta zaidi na kwenye jamu bado inachemka. Ngoja ipoe kabisa ndipo ufungue rejeta. Maji yapo? Washa, joto lipande, tazama feni. Haizunguki? Anza na fyuzi, kabla hujauziwa gasketi ya hedi.