Rejeta na Maji ya Njia ya Morogoro

Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani aitwaye Paul Graetz, afisa wa jeshi la koloni, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akikusudia kulikata bara la Afrika kutoka mashariki hata magharibi. Njia yake ilipita Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Alifika Swakopmund, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909, na mwendo wote ulikuwa kilometa 9,500 hivi. Siku alizotumia zilikuwa 630. Mwenye kupenda hesabu akigawa ataona kuwa motokaa ile ilikwenda kilometa 15 kwa siku, mwendo ambao mpagazi mwenye mzigo kichwani aliuweza, tena bila petroli. Siku nyingi zilikwisha katika kungoja. Historia ya motokaa katika nchi hii ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kungoja, na miongoni mwa vitu vilivyowangojesha watu kimo kimoja ambacho waandishi hukipita upesi, nacho ni maji.

Mwaka huo huo wa 1907 reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro. Hivyo vyombo viwili vyenye kiu vilifika chini ya Uluguru katika mwaka mmoja. Gari la moshi lilikunywa maji, likayageuza mvuke, likayatupa hewani, na kwa ajili hiyo lilijengewa matangi kando ya reli. Motokaa ilitaka maji kwa haja nyingine. Petroli iwakapo ndani ya silinda, sehemu kubwa ya joto lake haigeuki kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu, nalo lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha huungua, pistoni huvimba na kukwama, na injini hufa. Motokaa za kwanza ziliondoa joto hilo kwa kuyachemsha maji hata yakaisha. Bertha Benz aliposafiri kutoka Mannheim hata Pforzheim mwezi wa Agosti 1888, katika chombo kilichobuniwa na mumewe, alilazimika kutafuta maji njiani mara kwa mara.

Aliyepunguza shida hiyo ni Wilhelm Maybach. Katika motokaa ya Mercedes ya nguvu za farasi 35, iliyotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 1900, alitia mbele ya injini sanduku lililofumwa kwa mirija midogo ipatayo 8,070, kila mmoja una pembe nne na upana wa milimeta 6, mfano wa sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya mirija, maji yakazunguka nje yake, na lita 9 zikafanya kazi ambayo zamani ilitaka lita 18. Motokaa hiyo ilishinda katika mashindano ya Nice mwaka 1901. Kwa hiyo rejeta, kama tuijuavyo, ilizaliwa pamoja na gari la mashindano, na undugu huo haujakatika.

Sega la Maybach lilibuniwa katika nchi za baridi. Katika njia za Morogoro lilikabiliwa na mambo mawili ambayo Ulaya hayakuonekana sana kwa pamoja, yaani jua kali na mpando mrefu unaopandwa polepole. Gari likienda mbio bondeni, upepo huipoza rejeta wenyewe. Likipanda kwa gia ya kwanza upepo haupo, injini inafanya kazi ya punda, na pangaboi peke yake ndilo linalovuta hewa. Tena maji huchemka upesi zaidi juu ya mlima: mahali palipo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari huchemka katika digrii 93 hivi, na vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600. Mfuniko wa rejeta wenye springi ulitengenezwa baadaye ili kulizuia jambo hilo. Kwa kuyabana maji huyafanya yasichemke hata yafike digrii 118 au karibu yake. Watu wengi huudhani ni kizibo tu, wakauacha mpira wake ufe, kisha wakashangaa gari linachemsha na hali rejeta haina tundu.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta motokaa nyingi kwa mara ya kwanza. Majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Wajerumani wakarudi kusini wakizunguka milima ya Uluguru kwa pande mbili. Farasi na ng'ombe waliuawa na ndorobo kwa wingi, ikabidi mizigo ichukuliwe na motokaa na wapagazi. Reli ilikutwa imevunjwa madaraja, na vichwa vya gari la moshi vimeharibiwa, lakini wahandisi wa Afrika Kusini walifunga malori magurudumu ya reli wakayaendesha juu ya vyuma kati ya Morogoro na Dodoma. Vitabu vya vita huyasifu malori hayo, na sifa hiyo ni ya haki. Ni haki pia kukumbuka kwamba lori lilipokwama, wapagazi ndio walioutua mzigo wakaubeba, na kwamba wao walikufa kwa maelfu wakati malori yalipokuwa yakihesabiwa moja moja.

Ushahidi wa taabu ya maji waonekana vizuri zaidi katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 ilishinda Volkswagen ndogo. Ikashinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962. Gari hilo halikuwa na rejeta kabisa. Injini yake ilikaa nyuma nayo ilipozwa kwa hewa. Jiwe halikuweza kuitoboa rejeta isiyokuwapo, wala tope halikuweza kuziba mirija isiyokuwapo. Hoja hii isivutwe mno, kwa sababu mwaka 1963, magari 84 yalipoondoka yakafika 7 tu, lililotangulia lilikuwa Peugeot 404, ambalo lina rejeta, na gari la namna hiyo hiyo lilishinda mwaka 1968 katika mvua isiyo na huruma. Lakini wenye magari ya maji walijifunza kuyafunga vyuma mbele, na kutafuta njia za kulizuia pangaboi lisiirushie injini maji wakati wa kuvuka mto.

Ndipo lilipokuja gari la michezo lenyewe. Datsun 240Z, iliyotolewa Japani mwaka 1969, ilikuwa ndefu mbele, fupi nyuma, na chini ya boneti yake ilikuwamo injini ya silinda sita ya lita 2.4 yenye kupozwa kwa maji. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda nayo pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana alama na Datsun ya namna nyingine. Gari lililokuwa jipya siku zile sasa lina umri wa zaidi ya nusu karne, na rejeta yake ya shaba ina umri huo huo kama haijabadilishwa.

Shaba yenyewe ina kisa chake katika njia ya Morogoro. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa peke yao, Zambia ilikatiwa njia ya kusini. Mafuta ya petroli yalipelekwa huko kwa malori kutoka Dar es Salaam, yakipita Morogoro, Mikumi na Iringa, na malori yakarudi yamebeba vipande vya shaba. Njia ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Wageni waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo ulipungua, na lami ikaja baadaye. Kwa miaka kadhaa, basi, madini ambayo viwanda vya ng'ambo hufanyia rejeta yalipita Morogoro nyuma ya rejeta zilizokuwa zikichemka na kuvuja.

Hapo ndipo ufundi wa rejeta ulipopata heshima yake. Rejeta ya shaba ni kitu kinachofunguka. Fundi hulipasha moto tangi la juu, lehemu ikayeyuka, akaling'oa. Akapitisha ubapa mwembamba wa chuma ndani ya kila mrija kuondoa kutu na tope. Akalirudisha tangi kwa lehemu ya bati na risasi. Ili kuitafuta tundu huziba midomo yote, huizamisha rejeta katika pipa la maji na kuitia upepo wa pampu, naye hutazama mapovu yanatoka wapi. Mrija usiopona huzibwa ncha zote mbili. Rejeta huishi, ila kila mrija uliozibwa hupunguza nguvu yake, na fundi mwaminifu humwambia mteja ni mingapi. Kazi hii haikuwa bila madhara, maana moshi wa risasi huingia mwilini hautoki upesi, na wengi waliifanya bila kitambaa puani.

Wakati wa uhaba wa fedha za kigeni, baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, rejeta mpya ilikuwa kama dhahabu. Madereva walisugua sabuni ya mche juu ya ufa. Wengine walivunja yai ndani ya rejeta ili liive na kuziba tundu. Dawa hizo humfikisha mtu nyumbani, kisha huziba na mirija mizima. Likazuka na jambo baya zaidi, ambalo limebaki hata leo: gari likichemsha, fundi hulitoa themostati na kulitupa. Themostati ni mlango mdogo unaofunguka maji yanapofika digrii 82 au zaidi kidogo. Bila mlango huo injini huenda ikiwa baridi mno, hula petroli nyingi na kuchakaa upesi, nayo rejeta iliyoziba hubaki imeziba. Aliyetoa themostati ameuondoa ulinzi bila kuugusa ugonjwa.

Mtu aliye na gari la michezo la zamani nyumbani kwake, awe Kilakala au Bigwa au Kihonda, huiona dalili kwanza chini: doa la maji asubuhi, au chumvi ya kijani pembeni mwa tangi. Kuibadilisha rejeta ya Datsun kama ile si kazi ya karakana kubwa. Injini huachwa ipoe kabisa, kwa sababu mfuniko ukifunguliwa kwa moto maji hurukia uso. Beseni huwekwa chini na koki ya chini hufunguliwa. Maji yenye dawa ya rangi hayamwagwi uani, kwa kuwa ni matamu na ni sumu. Mbwa na mbuzi huyanywa wakafa. Kisha hulegezwa klipu za mpira wa juu na wa chini, hufunguliwa kinga ya pangaboi, halafu bolti nne zinazoishika rejeta, nayo hutolewa kwa kwenda juu wima. Kipande cha boksi kikitangulizwa kati ya rejeta na pangaboi, mapanga hayakati mapezi membamba. Wengi huharibu rejeta mpya kwa kudharau kipande hicho cha boksi.

Kabla ya kuitia mpya ni lazima zilazwe mbili kando kwa kando na kulinganishwa matundu ya bolti na midomo ya mipira. Mipira iliyopasuka hubadilishwa siku hiyo hiyo. Injini husafishwa kwa maji mpaka yatoke meupe, kisha hujazwa maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, mfuniko ukiwa wazi. Maji ya mito ya Uluguru, mazuri kwa mnywaji, yana hewa na chumvi, na chuma cha injini hula kutu humo. Injini huwashwa, hungojwa mpaka mpira wa juu ushike moto, ishara ya kuwa themostati imefunguka. Hapo mapovu hutoka, maji hushuka, huongezwa, ndipo mfuniko hufungwa.

Rejeta inunuliwayo leo aghalabu ni ya alumini, na katika magari mapya matangi yake ni ya plastiki yaliyobanwa kwa meno. Ni nyepesi na hupoza vizuri. Lehemu ya fundi wa zamani haiishiki, na tangi likipasuka hutupwa yote. Kwa sababu hiyo mwenye gari la zamani huulizwa swali ambalo mwenye gari jipya haulizwi, la kununua au kutengeneza. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani na mizani zao, na shaba ina bei. Rejeta nyingi za zamani zimekwenda kwa kilo, zikayeyushwa.

Mwenye kusita huipeleka kwanza kwa fundi mzee. Fundi huiziba midomo, huizamisha katika pipa, huitia upepo, na wote wawili huinama kutazama. Mara nyingi mapovu hutoka mahali pamoja tu, penye kiungo cha tangi la juu, ambako lehemu ya kiwandani imechoka.