Makro za lahajedwali zilizounganishwa

Makro ni mfuatano wa amri zinazoiwezesha kompyuta kufanya yenyewe kazi ambayo mtumiaji wa lahajedwali angeirudia kwa mkono. Programu ya lahajedwali ya Lotus 1-2-3 ilikuwa na makro tangu 1983. Excel ilipata VBA, lugha ya kuandikia makro, mwaka 1993. Faida ya makro huonekana hasa pale faili nyingi zinapolishana takwimu.

Tuseme kata za Kabuku, Segera na Mkata wilayani Handeni kila moja ina faili ya mavuno ya mahindi, na faili ya wilaya inazijumlisha kwa fomula kama ='[Kabuku.xlsx]Machi'!D14. Ofisa ugani wa Kabuku akiongeza kijiji kilichosahaulika katikati ya orodha, jumla yake inashuka hadi D15. Kama faili ya wilaya ilikuwa wazi kwenye kompyuta hiyohiyo, fomula hujirekebisha. Ikiwa ilikuwa imefungwa, ambayo ndiyo hali ya kawaida, itaendelea kuchota D14, yaani mavuno ya kijiji cha mwisho badala ya kata nzima. Hakuna onyo lolote, na namba inayotokea haina dalili ya kosa. Afadhali faili ya kata ibadilishwe jina: hapo angalau Excel huuliza iko wapi inapotakiwa kusasisha viungo.

Kwa hiyo makro iliyoandikwa vizuri haitegemei anwani ya seli. Hufungua faili zote za folda moja baada ya nyingine, hutafuta neno "Jumla" kwenye safu, huchukua namba iliyo kando yake, kisha huorodhesha kata ambazo hazijaleta faili. Orodha hiyo ina thamani zaidi kuliko kujumlisha kwenyewe, ingawa waandishi wengi wa makro huiruka.

Tangu Excel 2007 faili zenye makro huhifadhiwa kama .xlsm. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, kwa kuwa wadukuzi walizitumia kusambaza virusi. Faili iliyoletwa kwa flashi mara nyingi huponyoka kizuizi hicho. Programu ya LibreOffice, nayo, huendesha sehemu tu ya VBA.

Si kila sekta hutegemea faili zilizounganishwa: katika sekta ya afya Tanzania, takwimu za MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, na seva ndiyo hujumlisha. Huko makro zimebaki kwa hesabu za ndani ya ofisi.