Zamu ya Maji na Mzigo wa Masomo

Misfat al Abriyeen ni kijiji cha mawe kilichojishikiza ubavuni mwa mlima, juu ya mji wa Al Hamra, katika mkoa wa Ad Dakhiliyah nchini Oman. Nyumba zake zimejengwa juu ya miamba mitupu, na chini yake mashamba yanashuka kwa matuta: mitende, migomba, mindimu, mikomamanga. Uhai wa matuta hayo unategemea mfereji wa falaji, unaoyapokea maji ya chemchemi ya mlimani na kuyafikisha kwa kila mwenye haki kwa zamu yake. Anayetaka kuandika historia ya jinsi mwanafunzi wa shahada ya uzamili anavyopanga kozi zake na kujisajili kila muhula huenda asifikirie kuanzia mahali kama hapa. Lakini usajili wa masomo, ukiuvua fomu na tarehe zake za mwisho, ni suala la kugawa kitu kichache kwa kipimo cha wakati, na watu wa milima hii walikuwa wakiligawa jambo la namna hiyo kwa karne nyingi kabla Oman haijawa na chuo kikuu. Ninachodai ni hiki: saa ya krediti ni kipimo cha haki, na hatuna sababu ya kuitupa, ila kipimo hakijui chemchemi ina maji kiasi gani. Mzigo wa masomo hupangika vyema pale tu penye mjuzi anayesimama kati ya kipimo na mtu anayepimiwa.

Tuanze na maji, maana ndiyo ushahidi wa kale zaidi. Oman ina takriban falaji 3,000 zinazotumika hadi leo, na mwaka 2006 tano kati yake ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Katika nyingi ya falaji hizo mtu hamiliki maji, anamiliki wakati wa maji. Kipimo cha kawaida huitwa athari, neno lilelile ambalo kwa Kiswahili tunalitumia kwa maana ya alama au matokeo. Huko ni muda wa takriban nusu saa. Athari 24 hufanya bada moja, yaani nusu ya siku, na bada kadhaa hufanya mzunguko mzima, ambao baada yake zamu hurudi kwa mwenye haki wa kwanza. Mchana wakati ulisomwa kwenye kivuli cha mti uliosimikwa ardhini. Usiku ulisomwa kwa nyota zinazochomoza na kutua nyuma ya vilele vya milima. Kila falaji kubwa ilikuwa na wakili wa kuisimamia na arifu, mjuzi wa zamu, aliyejua nani anafuata nani na shamba la nani limepangiwa nini. Arifu hakuongeza hata tone moja la maji. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba haki iliyoandikwa inalifikia shamba lenyewe.

Kati ya maji hayo na elimu palikuwa na uhusiano wa kimali, na hapa ndipo historia ya mzigo wa masomo inapoanza kwa hakika. Katika Oman ya bara watu waliweka wakfu vipande vya zamu ya maji na mitende kwa ajili ya misikiti, walimu wa Kurani na wanafunzi. Mwalimu aliyekaa chini ya mti au kwenye ukumbi wa msikiti alikula kutokana na tende zilizomwagiliwa kwa athari za wakfu. Kwa hiyo idadi ya wanafunzi wanaoweza kusomeshwa kwa utulivu ilikuwa na mpaka unaojulikana: mavuno ya wakfu. Mwaka wa ukame ulipunguza maji, maji yakapunguza tende, na tende zikapunguza uwezo wa kumlisha mwanafunzi aliyetoka kijiji cha mbali kwenda kusoma Nizwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba kusoma kuna gharama ya wakati na chakula. Gharama hiyo ilionekana mferejini.

Hata hivyo, ingawa maji yalipimwa kwa wakati, masomo yenyewe hayakupimwa hivyo. Yalipimwa kwa kitabu. Lugha yetu ya Kiswahili inalishuhudia jambo hili kuliko hati nyingi. Chuo, katika Kiswahili cha zamani, ni kitabu. Ndipo neno likahamia kwa mahali ambapo kitabu kinasomwa, likazaa mwanachuoni, na mwishowe chuo kikuu. Kuhitimu nako kunatokana na neno la Kiarabu la kukamilisha na kutia muhuri, na kwa mtoto wa pwani kulimaanisha kuumaliza msahafu. Mzigo wa mwanafunzi ulikuwa kitabu alichokishika, na maendeleo yake yalikuwa kitabu alichokimaliza. Darsa za Unguja, Lamu na Mombasa zilijulikana kwa ngazi zake: Safina kwa mwanzo wa fikihi, Ajurumiya kwa mwanzo wa nahau, kisha mbali huko Alfiya yenye beti zipatazo elfu moja, na Minhaj ya Imamu Nawawi kwa aliyekomaa. Upande wa Waibadhi wa Oman ngazi ilikuwa na vitabu vingine lakini mpango ulikuwa uleule. Sheikh Nuruddin Al-Salimi, mwanachuoni kipofu aliyefundisha Al Qabil katika Ash Sharqiyah na kufariki mwaka 1914, alimwandikia anayeanza Talqin al-Sibyan, kitabu kidogo cha mafunzo ya msingi. Na kwa aliyefika mbali akatunga Jawhar al-Nizam, fikihi iliyofungwa katika maelfu ya beti. Mtu mmoja aliandika vitabu vya ncha mbili za ngazi, kwa sababu alijua kwamba mgongo wa mtoto na mgongo wa mtu mzima haibebi furushi moja.

Katika utaratibu huo, msajili alikuwa sheikh mwenyewe. Yeye ndiye aliyesema kitabu hiki hujakimaliza, au kile usikishike mwaka huu, au viwili hivi visome pamoja kwa kuwa kimoja kinamsaidia mwenziwe. Ijaza aliyoitoa mwishoni haikueleza mwanafunzi alikaa saa ngapi. Ilieleza kwamba amesoma kitabu fulani mbele ya fulani na anaaminiwa kukifundisha. Njia hii ililea viongozi wa dini wa Oman ya kisasa. Sheikh Ibrahim bin Said Al-Abri, wa kabila lilelile ambalo Misfat inabeba jina lake, alikuwa Mufti wa Oman hadi alipofariki mwaka 1975. Aliyemfuata, Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, alizaliwa Unguja mwaka 1942, akapata masomo yake ya mwanzo huko, na akarudi Oman mwaka 1964 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, akakaa Bahla, si mbali na Al Hamra. Mmoja wa milimani, mwingine wa visiwani: pande mbili za bahari zilitumia mizani moja, na mizani hiyo ilikuwa jicho la mwalimu.

Saa iliingiaje basi? Haikutoka Uarabuni wala pwani yetu, na haikuzaliwa kwa ajili ya kupima uelewa. Huko Marekani, Charles Eliot alipoanza kuongoza Harvard mwaka 1869, aliufungua mlango wa mwanafunzi kuchagua masomo badala ya wote kufuata njia moja. Uhuru huo ulileta tatizo jipya: kama kila mmoja amesoma vitu tofauti, nani amesoma vya kutosha? Jibu lilikuja kupitia fedha za uzeeni. Wakfu wa Carnegie, ulioanzishwa mwaka 1905 kwa ajili ya pensheni za maprofesa, uliweka masharti kwa vyuo vilivyotaka kunufaika, na miongoni mwayo ni kuhesabu masomo ya sekondari kwa kipimo maalumu cha saa, kilichojulikana baadaye kuwa saa 120 kwa somo. Mwaka 1910 mhandisi Morris Cooke alichapisha kupitia taasisi hiyohiyo ripoti kuhusu ufanisi wa vyuo, akapendekeza kuhesabu kazi ya ufundishaji kwa saa ya mwanafunzi mmoja, kama kiwanda kinavyohesabu gharama ya bidhaa. Kwa hiyo saa ya krediti ni mtoto wa uhasibu. Ndiyo maana inajibu vizuri swali la nani alipwe nini na nani apewe cheti lini, na inababaika inapoulizwa nani ameelewa.

Oman iliipokea saa hiyo kwa haraka isiyo ya kawaida. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule 3 tu za mtindo wa kisasa, zenye wavulana wapatao 900. Waomani waliorudi kutoka Zanzibar na Afrika Mashariki, wengi wao wakizungumza Kiswahili na wakiwa na vyeti vya shule za huko, walijaza nafasi nyingi serikalini katika miaka iliyofuata. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa mwaka 1986, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Nizwa kikaanza kupokea wanafunzi huko Birkat al Mawz. Ndani ya umri wa mtu mmoja, mkoa uliokuwa ukipima elimu kwa kitabu ukaanza kuipima kwa muhula, kozi na saa. Mzee aliyehitimu kwa sheikh angeweza kuwa na mjukuu anayetafuta nafasi katika kozi kabla mlango wa usajili haujafungwa.

Hapa atasimama mpinzani wa kwanza na kusema kwamba ninaupamba wakati uliopita. Jicho la mwalimu, atasema, liliweza pia kupendelea. Mwanafunzi asiyekubalika hakuwa na mahali pa kukata rufaa, mwanamke hakupata nafasi sawa katika darsa la msikitini, na mtu mwenye kazi hakuweza kuacha shamba lake miaka kumi akafuate vitabu. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naikubali yote. Krediti inamwezesha mama mwenye watoto kusoma kozi moja kwa muhula na kuikuta imehifadhiwa muhula ujao. Inamruhusu aliyehama chuo asianze upya. Lakini tazama kilichoipa athari heshima yake Misfat na kwingineko: wanakijiji hawakuchagua kati ya kipimo na mjuzi, walikuwa navyo vyote viwili. Kipimo kilimzuia arifu asipendelee, na arifu alikizuia kipimo kisiwe kipofu. Kosa la vyuo vingi leo, kwetu Afrika Mashariki kama huko, ni kudhani kwamba fomu ya usajili ikishakamilika mgawanyo umekamilika.

Mpinzani wa pili atasema kwamba mwanafunzi wa uzamili ni mtu mzima, aachwe abebe anachotaka. Tuliangalie hili kwa hesabu. Katika vyuo vinavyofuata mtindo wa Kimarekani, saa 9 kwa muhula, yaani kozi 3 za saa tatutatu, kwa kawaida ndizo mzigo kamili wa uzamili, ilhali mwanafunzi wa shahada ya kwanza huchukua 12, 15 au zaidi. Anayetoka shahada ya kwanza huiona 9 kuwa ndogo, akaomba aongezewe. Lakini kanuni ya krediti yenyewe inadai angalau saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani, kwa hiyo 9 ni saa 27 kwa wiki, kabla ya utafiti. Tanzania inapima kwa namna nyingine na inafika palepale: krediti 1 ni saa 10 za kazi, na shahada ya uzamili ni krediti 180, ambazo ni saa 1,800. Mfanyakazi anayeweza kujitengea saa 15 kwa wiki atahitaji wiki 120, zaidi ya miaka miwili, hata asipopumzika wiki moja. Mtu mzima ana haki ya kuamua, naam. Lakini hawezi kuamua kwa haki kama hakuna aliyeketi naye akamfanyia hesabu hii kabla hajatia saini. Mwenye shamba naye alikuwa mtu mzima, na bado alimhitaji arifu.

Wa tatu atadai kwamba maji na elimu ni vitu viwili tofauti: tone likinywewa na mtende wa jirani mimi nimelikosa, bali elimu haipungui kwa kugawanywa. Ni kweli kuhusu elimu, si kweli kuhusu vinavyoileta. Saa ya msimamizi wa tasnifu aliyopewa mwanafunzi mmoja haipatikani kwa mwingine. Usiku wa mwanafunzi ukienda kwenye kozi ya nne haurudi kwenye ile ya kwanza. Na kuhusu uchache huu falaji ina funzo ambalo vyuo vikuu havijalishika. Ukame ulipoingia, mitende ilitangulizwa, na mashamba ya mazao ya msimu yakapunguzwa, kwa kuwa zao la msimu likikosekana mwaka huu litapandwa mwakani, lakini mtende ukifa umekufa na miaka yake yote. Katika uzamili, mtende ni tasnifu na misingi inayoibeba, kama vile mbinu za utafiti; kozi za kuchagua ni mazao ya msimu. Mwanafunzi anayeishiwa wakati huwa anafanya kinyume: hukimbilia kozi zenye tarehe ya mtihani, akaiacha tasnifu isiyomdai leo. Wengi wanaomaliza kozi zote na wasihitimu wamekaukiwa na mtende wakiwa na bustani ya mboga.

Birkat al Mawz, mji wenye Chuo Kikuu cha Nizwa, ndio pia mji wa Falaji ya Al-Khatmeen, mojawapo ya zile tano za UNESCO. Maji yake, yakifika mahali pa kugawanywa, huingia mikondo mitatu iliyo sawa. Usawa huo ni kazi ya ustadi mkubwa, na hakuna anayetaka kuubomoa. Lakini usawa wa mikondo haukuwahi kumwambia mkulima apande nini. Hilo aliliamua kwa kuijua ardhi yake na kwa kumsikiliza mjuzi wa zamu. Kozi tatu za saa tatutatu ni mikondo mitatu iliyo sawa kwenye karatasi. Vyuo vinavyomsajili mwanafunzi bila kumuuliza ana saa ngapi za kweli kwa wiki, nani anamtegemea nyumbani, na tasnifu yake itamwagiliwa lini, vimejenga mfereji vikasahau kumweka arifu. Kumrudisha arifu hakuhitaji mfumo mpya wala kompyuta mpya. Kunahitaji mwalimu apewe muda unaohesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake, ili aketi na kila mwanafunzi kabla ya muhula kuanza, amfungulie chuo kwa maana yake ya kwanza, na amuulize kama kile cha jana amekimaliza.