Ruta 700,000 zinauliza ni saa ngapi

Jamani wenzangu waandika programu, kisa hiki kinatuhusu. Mei 2003, seva ya saa ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, ilianza kumiminiwa maombi: pakiti 40,000 kwa sekunde. Wakadhani ni shambulio, wakaziba njia. Wapi! Kufikia Juni zilikuwa zaidi ya 250,000.

Dave Plonka wa hapo chuoni alipochunguza, akakuta ni ruta za nyumbani za Netgear. Aliyeandika programu yake aliipachika humo anwani ya seva ile, tena akaiamuru: usipojibiwa, uliza tena baada ya sekunde moja. Kumbe kuziba njia ndiko kulikozidisha kelele! (Nilicheka, kisha nikaenda kukagua programu zangu mwenyewe.)

Ruta zaidi ya 700,000 zilikuwa zimeshatengenezwa, na nani husasisha ruta iliyo nyuma ya televisheni? Netgear walitoa programu mpya, na dola 375,000 kwa chuo. Chuo nacho kikaendelea kujibu, maana kunyamaza kungekuwa balaa zaidi. Mwaka 2005 Plonka akaandika RFC 4085, kuwaonya watengenezaji wasipachike anwani za wenyewe ndani ya vifaa.