Jinsi ya Kusafisha Rimu na Siti za Kitambaa za Gari Bila Kuziharibu

Bodi ya gari inaweza kung'aa kama kioo, lakini rimu zikiwa nyeusi na siti zikinuka, gari bado itaonekana chafu. Sehemu hizi mbili ndizo zinazowasumbua wengi, na ndizo zinazoharibika kirahisi zikisafishwa vibaya. Rimu zinapauka kwa dawa kali, siti zinaota ukungu kwa maji mengi, na wapo wanaotoa madoa kwa petroli bila kufikiria moto.

Hizi hapa hatua za kufuata, kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani au kwenye duka la kawaida la vipuri.

Kwa nini rimu zinachafuka haraka?

Ule weusi kwenye rimu si tope tu. Kila ukikanyaga breki, pedi zinasagana na diski na kutoa vumbi laini lenye chembe za chuma. Vumbi hilo linanata kwenye rimu, na likipata maji linashika kutu na kuanza kula rangi. Ndiyo maana rimu iliyosahaulika kwa miezi inabaki na vidoa vya kahawia hata baada ya kuoshwa.

Rimu za mbele huchafuka zaidi kwa sababu breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa gari inaposimama.

Kusafisha rimu, hatua kwa hatua

Andaa ndoo mbili, sabuni ya maji, sponji laini, brashi laini, mswaki wa zamani, kitambaa kikavu na glavu. Ndoo moja ni ya sabuni, nyingine ni ya kusuuzia sponji ili mchanga usirudi kwenye rimu na kuikwaruza.

1. Subiri zipoe. Gari ikitoka safari, iache kivulini kama nusu saa. Maji baridi yakimwagwa kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda, na ukikanyaga breki utasikia gari inatetemeka. Pia sabuni hukaukia kwenye rimu ya moto na kuacha alama.

2. Anza na rimu, bodi baadaye. Ukiosha bodi kwanza, uchafu wa matairi utaruka na kuichafua tena.

3. Mwagia maji mengi kwanza ili mchanga uondoke. Ukitumia mashine ya presha, usiisogeze karibu sana na tairi, acha angalau sentimita 30. Maji ya presha kali yakipiga sehemu moja kwa karibu yanaweza kuumiza ubavu wa tairi, na jeraha la ndani halionekani kwa macho.

4. Osha gurudumu moja moja. Paka sabuni, sugua kwa sponji, kisha tumia mswaki kwenye kona na matundu ya nati. Suuza kabla sabuni haijakauka, ndipo uhamie lingine.

5. Usisahau upande wa ndani. Tope likiganda ndani ya rimu linaondoa balansi ya gurudumu, na usukani unaanza kutetemeka ukiongeza mwendo. Wengine hukimbilia kwa fundi kumbe ni tope tu.

6. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu endesha taratibu na ukanyage breki mara kadhaa sehemu salama. Diski zilizolowa hushika kutu nyepesi na breki huchelewa kidogo kushika mpaka zikauke.

Kwa vidoa sugu vya kahawia, zipo dawa maalumu za kuondoa vumbi la breki. Nyingine hugeuka rangi ya zambarau zikikutana na chembe za chuma, na harufu yake ni kali, hivyo zitumie mahali penye hewa. Soma maelezo ya chupa: dawa zenye asidi zinaweza kuharibu rimu za aluminiamu zisizopakwa rangi.

Mambo ya kuepuka

Usitumie stilwaya. Inatoa uchafu kweli, lakini inatoka na rangi.

Usipake dizeli wala oili chafu kwenye tairi ili ing'ae. Mafuta ya namna hiyo huingia kwenye mpira na kuulainisha, na tairi inazeeka kabla ya siku zake. Hata dawa halali ya kung'arisha isiguse sehemu inayokanyaga barabara, maana itateleza.

Usipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa. Pedi nyingine, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo ikivutwa kwa pumzi inadhuru mapafu. Loweka kwa maji kwanza.

Ukiwa umeinama hapo, kagua

Kuosha gurudumu ni nafasi nzuri ya kucheki usalama. Angalia kama ubavu wa tairi una nyufa au uvimbe, kama kuna msumari, na kama upande wa ndani umelowa mafuta. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika na tairi inaweza kupasuka njiani. Mafuta upande wa ndani yanaweza kuwa oili ya breki inayovuja. Ukiona hivyo, gari isitoke mpaka fundi aione.

Siti za kitambaa: adui ni maji mengi

Chini ya kitambaa kuna sponji nene. Ukimwaga maji kwa ndoo, sponji inayanywa yote, na kitambaa kinaweza kukauka juu huku chini kumelowa. Ndani ya siku moja au mbili ukungu unaanza, na ile harufu ya uvundo haitoki kwa pafyumu.

Kuna sababu nyingine. Magari mengi ya kisasa yana nyaya na vihisio chini ya siti za mbele, na mengine yana eabegi ubavuni mwa siti. Ukiona maandishi SRS AIRBAG pembeni mwa siti, au nyaya zenye plagi za njano chini yake, usimwage maji hapo wala usizichomoe.

Fanya hivi

1. Toa vumbi kwanza. Tumia mashine ya kufyonza vumbi au brashi kavu, hasa kwenye mishono. Vumbi likikutana na maji linakuwa tope.

2. Changanya sabuni kidogo ya maji na maji ya uvuguvugu, koroga mpaka utoke povu jingi. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha uone kama rangi haitoki.

3. Chota povu, acha maji. Sugua taratibu kwa brashi laini, sehemu ndogo kwa wakati.

4. Futa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, rudia mpaka sabuni iishe. Sabuni ikibaki, kitambaa kitakuwa kigumu na kitanasa uchafu haraka.

5. Kandamiza taulo kavu ili linywe maji yaliyobaki. Usisugue.

6. Fungua milango yote na uache hewa ipite, au weka feni. Fanya kazi hii asubuhi, siku ya jua. Kwa walioko pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, usioshe siti jioni ukafunga gari usiku kucha.

Kila doa na dawa yake

Damu, maziwa na mayai: maji baridi. Maji ya moto yanaligandisha doa.

Mafuta ya chakula: nyunyiza unga mkavu wa mahindi au muhogo, acha dakika 15 unywe mafuta, ufyonze, kisha tumia povu la sabuni ya vyombo.

Chai na kahawa: kandamiza kwa kitambaa, kisha siki iliyochanganywa na maji mengi, halafu povu.

Tope: liache likauke kabisa, ulipukute kwa brashi.

Bazoka: weka barafu juu yake ndani ya mfuko wa plastiki, ikigumu uibandue.

Harufu: nyunyiza bekingi soda kwenye siti kavu, iache usiku mzima, kisha ifyonze.

Hatari ambazo watu huzichukulia poa

Petroli hutoa doa la grisi, lakini mvuke wake hujaa ndani ya gari, na cheche moja ya swichi au sigara inatosha kuwasha moto. Usiitumie.

Jiki inachuja rangi ya siti. Mbaya zaidi, ikichanganywa na siki inatoa gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Ndani ya gari yenye nafasi ndogo gesi hiyo inakufikia fasta.

Mikanda nayo isipakwe jiki wala rangi, kwa sababu nyuzi zake hudhoofika na zinaweza kushindwa kukushika siku ya ajali. Vuta mkanda wote nje, ufute kwa povu la sabuni, na usiuache urudi ndani mpaka ukauke.

Kama unyevu haukutokana na kuosha

Ukikuta kapeti ya mbele imelowa wakati hujamwaga kitu, na vioo vinashika ukungu kila asubuhi, tatizo si usafi. Mara nyingi bomba linalotoa maji ya eisii nje ya gari limeziba, au mpira wa mlango na kioo unapitisha mvua. Fundi azibue au abadilishe kwanza, kisha ndipo uoshe na kukausha. Vinginevyo utasafisha leo na kesho harufu itarudi palepale.